Boti saba za Dún Laoghaire: jinsi kundi lilivyokufa na lilivyorudi majini

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Agosti 1986, mabaki ya kimbunga Charley yaliifikia Ireland. Kwenye mlima Kippure, kusini mwa Dublin, mvua ya saa 24 ilikadiriwa kufika milimita 280. Mito ilifurika na mji wa Bray ukaingiwa na maji. Kaskazini kidogo ya hapo, katika bandari ya Dún Laoghaire, boti za mbao zilikuwa zimelala nje, kila moja imefungwa kwenye boya lake. Bandari ile haikuwa na marina, yaani maegesho ya boti yaliyokingwa, wakati huo. Ilifunguliwa mwaka 2001. Mlango wake umeelekea kaskazini mashariki, na upepo wa upande huo huingia bila kubisha hodi.

Kulipokucha, kundi la boti linaloitwa Dublin Bay 21 lilikuwa limeumia vibaya. Nyingine zilikuwa zimezama palepale zilipofungwa, nyingine zilikuwa zinavuja. Zilikuwa zikishindana katika ghuba ile tangu mwaka 1903. Zikaopolewa, zikapakiwa kwenye malori, na hazikushindana tena kwa miaka 35.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha dhoruba, na mimi naona kinasimuliwa vibaya. Charley alimkuta mgonjwa tayari kitandani. Anayetaka kufufua chama cha wenye boti za aina moja, popote alipo, akianza na ile dhoruba atatibu jeraha lisilo lenyewe.

Saba, na zote sawa

Namba 21 ni urefu wa boti kwenye usawa wa maji, kwa futi. Yaani kama mita 6.4. Juu ya maji ni ndefu zaidi, futi 32 na ushei, kwa sababu omo na tezi zimetokeza mbele na nyuma kama ilivyokuwa mtindo wa enzi zile. Mchoraji ni Alfred Mylne wa Glasgow. Zilijengwa saba tu: Garavogue, Estelle, Innisfallen, Maureen, Oola, Naneen na Geraldine. Hakuna ya nane.

Kwa nini zilifanana ni jambo linalohitaji maelezo, maana ndilo lililowaweka pamoja na ndilo lililowaangusha. Mashindano ya matanga ya karne ya 19 yalikuwa ya mifuko. Tajiri aliagiza boti mpya yenye kasi zaidi, na boti ya jirani yake iliyoshinda mwaka jana ikawa si kitu. Palikuwa na hesabu ya kuwafidia wenye boti za polepole, lakini hesabu hiyo ililetea watu ugomvi kuliko raha. Mwaka 1887, kwenye pwani hiyohiyo ya kusini mwa Dublin, Thomas Middleton na wenzake walianzisha Water Wag Club kwa hoja moja: tujenge boti zinazofanana kabisa, kisha tuone nani anajua bahari. Wazo la boti za muundo mmoja, ambalo leo limeenea duniani kote hadi kwenye Olimpiki, linaanzia hapo. Dublin Bay 21 zililichukua na kulipandisha daraja, kutoka vidau vya kuvutwa mchangani hadi boti za mkuku mzito (uti wa chini wa boti), zenye farumi ya madini ya risasi chini ya kuzizuia zisipinduke, na matanga mengi juu.

Faida yake inaonekana haraka. Boti haichakai kwa kupitwa na mtindo. Baba anaweza kumwachia mtoto, mtoto akashindana sawa na aliyenunua jana. Ukishindwa, huna pa kusingizia.

Hasara yake haionekani mpaka siku inapokuja. Mwenye boti ya kawaida, jirani yake akiacha, atashindana na wengine. Mwenye boti ya muundo mmoja anategemea boti za watu wengine ili yake iwe na maana. Zikiwa saba, ni mashindano. Akitoka mmoja kwa sababu mbao zake zimeoza na mwingine kwa sababu amezeeka, zinabaki tano, na wale watano wanaanza kujiuliza kama inafaa kutumia fedha za msimu mzima kwa ajili ya tano. Akitoka wa tatu, wanne waliobaki wana boti nzuri zisizo na mpinzani. Kwa hiyo kila anayeondoka anawapandishia gharama wanaobaki, ingawa hakuwaomba hata senti. Vyama vya namna hii havipungui polepole hadi kwisha. Vinasimama, vinasimama, halafu vinaanguka kwa mkupuo.

Ugonjwa wenyewe

Tuitazame boti yenyewe kwa karibu. Imejengwa kwa mbao zilizopangwa ubavu kwa ubavu juu ya mataruma, yaani mbavu za ndani, yaliyopindwa kwa mvuke, zikashikwa kwa misumari, na katikati ya ubao na ubao pakatiwa kalafati ya kuzuia maji. Bodi ya namna hii inabaki kavu ndani kwa sababu mbao zimelowa zikavimba na kubanana. Ni ufundi ambao mtu wa Lamu au Pemba hahitaji kufundishwa. Lakini misumari ya chuma hula mbao inaposhika kutu, taruma hupasuka pale lilipopindwa zaidi, na chini kabisa pana tani za risasi zinazovuta ubao wa kwanza kutoka kwenye mkuku kila boti inapolala upande. Mtu hapati usingizi akifikiria mshono ule.

Tanga la asili lilikuwa la foromali, mti unaoshika ukingo wa juu wa tanga, na juu yake kulikuwa na tanga la pili dogo, na mbele matanga mengine mawili. Uzuri wake kwenye picha za zamani hauna mfano, lakini lilitaka mabaharia wengi wanaojua kazi. Miaka ya 1960 wenye boti wakabadilisha: mlingoti mrefu, tanga la pembetatu la kisasa, mikono michache. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki, kwa sababu watu walikuwa wamepungua na fasheni ilikuwa imegeuka. Ila mlingoti mrefu hukandamiza mkuku chini huku kamba zake zikivuta mbavu juu, na bodi iliyokuwa na umri wa miaka 60 haikuchorwa kubeba mzigo huo. Walichookoa kwenye idadi ya mabaharia walikilipa kwenye pampu ya kutolea maji.

Halafu kuna suala la nani analipa. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwenye yoti alikuwa mtu wa nafasi yake, na ilikuwa kawaida kumwajiri baharia wa kuitunza boti. Kufikia miaka ya 1980 mwenye boti alikuwa anaipiga msasa mwenyewe Jumamosi yenye baridi, wakati jirani yake mwenye boti ya plastiki anaiosha kwa mpira wa maji na kwenda zake. Kila mmoja alibeba gharama za boti yake peke yake, na kila mmoja alikuwa na boti inayozeeka kwa kasi ileile ya wenzake, kwa kuwa zote zilijengwa ndani ya miaka michache. Hilo la mwisho husahaulika. Kundi la boti pacha huzeeka pacha. Ukarabati mkubwa wa boti zote hudaiwa kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana nasema dhoruba ilikuta kazi imekwisha fanyika. Boti imara iliyozama kwenye bandari yenye kina kifupi huinuliwa, hukaushwa, hurudi. Hizi hazikuwa na mtu aliyekuwa na sababu ya kuanza kwanza. Kwa nini wewe utumie akiba yako kuikarabati yako, wakati hujui kama wengine sita watafanya hivyo?

Shambani Wicklow

Zilihifadhiwa uani kwenye shamba moja katika kaunti ya Wicklow, zikakaa huko kwa miongo mitatu. Mbao zikakauka, mishono ikafunguka. Yeyote aliyeziona wakati huo angesema ni kuni.

Lakini kuna jambo moja walilofanya sawa, hata kama halikuwa mpango: hawakuziuza moja moja. Boti ya 1903 yenye jina zuri ingepata mnunuzi Uingereza au Ufaransa, akaitengeneza vizuri kabisa, na ingekuwa yoti ya kale ya kupendeza mahali ambapo haina ndugu. Saba zikibaki uani pamoja, hata zikiwa zimeoza, bado ni kundi. Naona huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika kisa hiki, na hakuna aliyepewa tuzo kwa ajili yake.

La pili ni kwamba ghuba yenyewe haikufa. Dublin Bay Sailing Club, iliyoanzishwa mwaka 1884, iliendelea kuandaa mashindano msimu hadi msimu kwa boti za aina nyingine. Mstari wa kuanzia upo, maboya ya kuzungukia yapo, watu wa kushika saa na kupuliza honi wapo. Aliyetaka kuzirudisha hakuhitaji kuunda klabu kutoka mwanzo. Alihitaji boti na watu wa kupanda. Nimeona watu wenye nia njema wakianza upande wa pili: katiba, nembo, fulana, mweka hazina, na boti moja inayoelea.

Uamuzi wa kutokarabati

Msukumo wa kuzifufua ulitoka kwa Hal Sisk na Fionán de Barra. Sisk anajulikana katika historia ya yoti. Alikuwa ameirudisha majini Peggy Bawn, boti ya mwaka 1894 iliyochorwa na G.L. Watson, kazi iliyokamilika mwaka 2005 na kusifiwa kwa kuheshimu kila kitu cha asili. Ungetarajia mtu huyo aingie Wicklow na kuanza kuhesabu misumari ya shaba.

Hakufanya hivyo. Boti zilipelekwa Kilrush, upande wa pili wa nchi kwenye mlango wa mto Shannon, katika karakana ya Steve Morris. Huko bodi za zamani hazikuzibwa viraka. Zilijengwa mpya, kwa umbo lilelile la Mylne, juu ya farumi ileile ya risasi ya zamani. Ujenzi ni wa tabaka: vipande vyembamba vya mbao vimegandishwa kwa gundi ya epoksi, kisha vikafunikwa na mbao nyembamba nyingine zilizolazwa mshazari. Bodi ikimalizika ni kitu kimoja, haina mshono. Haina kalafati ya kutazamwa kila msimu, na ikikaa nchi kavu miezi sita haipasuki. Ule mshono wa karibu na mkuku uliokuwa ukiwanyima watu usingizi haupo tena.

Wapenda vya kale walinung'unika, na hoja yao si ya kupuuzwa: je, hii Naneen ni ya mwaka 1905 au ni ya juzi? Jibu langu ni kwamba swali hilo linafaa kwa boti moja ya makumbusho, halifai kwa kundi. Boti ya muundo mmoja imeahidi umbo na uzito, basi. Water Wag wenyewe walibadilisha boti nzima mwaka 1900, wakachukua mchoro mpya na mkubwa zaidi uliochorwa na Maimie Doyle, binti wa fundi boti wa hapohapo, na hadi leo wanashindana Jumatano jioni ndani ya bandari bila mtu kusema klabu ya 1887 ilikufa. Wala fundi wa majahazi wa Matondoni, Lamu, hangeona ajabu. Jahazi hubadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka hausalii hata mmoja wa mwanzo, na jina halibadiliki.

Zaidi ya hapo, fikiria njia nyingine ingewaleta wapi. Ukikarabati saba kwa ufundi wa zamani, unarudisha saba zitakazozeeka pamoja tena, na deni la ukarabati litawaangukia wote mwaka mmoja. Kundi lilikufa kwa ugonjwa huo. Kuurudisha kwa heshima zote hakuufanyi kuwa afya.

Palipo na shaka yangu ni juu, kwenye matanga. Foromali limerudi, na ule mlingoti mrefu wa miaka ya 1960 umeondoka. Hilo ni jema kwa macho na kwa bodi. Lakini tanga la juu la zamani limeachwa, na mfumo umerahisishwa ili mabaharia wachache waweze kuumudu. Ninaelewa sababu. Ukiwa na watu wanne wanaofika kwa wakati jioni baada ya kazi, huwezi kuwapa boti inayodai sita wanaojua. Hata hivyo ugumu wa tanga lile ndio uliowafanya vijana waje kufundishwa na wazee, na chama ambacho kazi yake imekuwa rahisi mno hupoteza sababu ya watu kukaa wakingojana gatini.

Moja haishindani

Naneen ilirudi majini mwaka 2019. Kwa chama cha kawaida hiyo ingekuwa sherehe ya mwisho: picha, hotuba, chai. Kwa boti ya muundo mmoja ni mwanzo wa upweke, kwa maana boti moja haina wa kushindana naye. Mwaka 2020 ukapita na korona yake. Mwaka 2021 boti tatu zilipanga mstari katika ghuba ya Dublin, na hapo ndipo naweza kusema kundi limefufuka. Yaliyotangulia yalikuwa useremala.

Wazo lililoambatana na kazi hii ni kwamba boti zishikwe pamoja kama kundi, badala ya kila moja kurudi kwa bwana mmoja. Mtu asafiri kwenye boti ya kale bila kulazimika kuimiliki. Kwa wapenzi wa mila hii inauma zaidi kuliko epoksi, kwa sababu fahari ya chama cha wenye boti ilikuwa kwamba hii ni yangu na ile ni yako, na Jumamosi tutajuana. Lakini ndilo jibu la swali la mwaka 1986. Boti zikiwa na mfuko mmoja, hakuna anayekaa akingoja kuona kama wenzake wataanza.

Jirani aliyepona haraka

Nani ajue kama hoja hii ya mfuko ina ukweli? Bahati nzuri upo mfano wa kulinganisha, tena ng'ambo ya ghuba ileile. Kwenye rasi ya Howth kuna boti za Howth 17, zilizochorwa na Walter Herbert Boyd. Tano za kwanza zilijengwa na John Hilditch huko Carrickfergus, na mwaka 1898 zikaletwa nyumbani kwa matanga. Ni za zamani kuliko Dublin Bay 21, ni za mbao, na tanga la juu bado wanalipandisha. Kwa maneno mengine, zina kila sababu ya kuwa zimekufa.

Machi 2018 Dhoruba Emma ilileta mawimbi yaliyovunja banda lililokuwa kwenye gati ya mashariki ya Howth. Boti saba za kundi zilikuwa ndani, zimehifadhiwa kwa majira ya baridi. Baadhi ziligeuka vipande. Ukiangalia hasara tu, ni Charley tena, na kwa ubaya zaidi. Safari hii hakuna aliyezipeleka shambani. Nyingine zilikarabatiwa nyumbani, na Anita ikajengwa upya Ufaransa, katika Skol ar Mor, chuo cha mafundi boti. Mashindano hayakusimama.

Tofauti ni nini? Howth walikuwa na boti nyingine zilizohifadhiwa kwingine, hivyo kundi halikushuka chini ya idadi inayotosha kushindana. Walikuwa wakikarabati kwa zamu, mwaka hadi mwaka, si kwa mkupuo. Na boti nyingi huko zinashikwa na watu wawili au watatu, mara nyingi ndugu au marafiki wa muda mrefu. Mmoja akihama au akiugua, boti haikosi mwenyewe. Kwa ufupi, walikuwa tayari wanaishi, kwa njia ya kienyeji na bila kuiandikia waraka, mpango ambao Dún Laoghaire iliufikia baada ya kukaa kavu miaka 30.

Kuna jambo jingine linalowahusu wote wawili, na wenye boti za kiwandani hawana: hakuna kampuni juu yao. Mchoro ni wa ghuba. Linganisha na Laser, boti ya Bruce Kirby inayopatikana hadi kwenye klabu za pwani yetu. Mwaka 2019 chama chake cha dunia kiligombana na mtengenezaji mmoja mkubwa, na kwa kuwa jina lilikuwa alama ya biashara, chama kikalazimika kuiita boti ILCA. Bodi ileile, tanga lilelile, jina jipya. Chama kikibeba jina la bidhaa, siku kiwanda kikifunga au kikigeuka, jina linaondoka na mwenyewe. Kama ningekuwa na boti sita za chapa moja pale Tanga au Kilifi zimelala chini ya maturubai, jina la chama ningelichukua kwenye mlango wa bahari, si kwenye kibandiko cha ubavuni. Na ningezihesabu zinazoelea kabla ya kuitisha kikao.

Lililobaki

Sina hakika kama wa Dún Laoghaire wamevuka mtihani. Uhai wao mpya ulitegemea msukumo wa watu wachache, na mradi wa namna hii hupata kasi hasa kwa sababu hauna kamati. Mfuko wa pamoja uliojazwa na wachache si sawa na mfuko uliojazwa na wengi. Bodi za epoksi zitakaa muda mrefu bila kudai kitu kikubwa, na hiyo ina maana kwamba watu watakaopaswa kulipa deni kubwa la kwanza pengine leo ni vijana wanaoshika demani, kamba ya kuongozea tanga la mbele. Wapo wangapi, na nani anawaita jioni upepo ukiwa mbaya na televisheni ikiwa na mpira, ndilo jambo ambalo ningelifuatilia kuliko idadi ya boti zilizotoka Kilrush.